Umeme wa bwawa umekuja, mbona uniti zangu haziongezeki?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpangaji Tabata, Dar es Salaam. Nyumba yetu ina wapangaji wanne na mita moja ya LUKU. Kila mmoja anachanga Sh10,000 kwa mwezi, na ikifika tarehe 25 umeme umekwisha, tunaanza kugombana kuhusu nani ana friji. Dada yangu yuko Kibaha, anaishi na mtoto wake mmoja. Akinunua umeme wa Sh5,000 anapata uniti 41. Mimi nikinunua wa Sh5,000 napata 14, na mwanzo wa mwezi hata 10 hazifiki. Jirani anasema mita yetu imechezewa, mwingine anasema tununue usiku, tena kidogo kidogo, ndipo uniti zinakuwa nyingi. Halafu tunasikia Bwawa la Mwalimu Nyerere limekamilika na umeme umezidi. Kwa nini bei haishuki? Na kama umezidi, kwa nini tunanunua wa Ethiopia? Mimi mpangaji wa kawaida nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Moja linahusu mita iliyo ukutani kwenu, na jingine linahusu namna nchi nzima inavyogawana gharama za umeme. Nitaanza na la ukutani, kwa kuwa hilo lina dawa ambayo unaweza kuifuata mwezi huu huu, kisha nitakwenda kwenye bwawa. Utaona kwamba yote mawili yanakutana kwenye namba moja, 75.

Kwanza niseme wazi kwamba hesabu ulizoniletea hazionyeshi kuwa mita yenu imechezewa. Uniti 14 kwa Sh5,000 ndizo hasa zinazotarajiwa kwa mteja aliye kwenye kundi la bei linaloitwa T1, la matumizi ya kawaida, na uniti 41 za dada yako ndizo zinazotarajiwa kwa aliye kwenye kundi la D1, la watumiaji wadogo wa nyumbani. Fungua ujumbe wa simu unaokuja na zile namba 20 za LUKU, usome sehemu ambayo wengi wetu huiruka. Kwa mteja wa T1 anayenunua umeme wa Sh10,000, fedha inayokwenda kwenye umeme wenyewe ni Sh8,196.72. Inayobaki ni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ni Sh1,475.41, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ya asilimia 3, ambayo ni Sh245.90, na tozo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, ya asilimia 1, ambayo ni Sh81.97. Bei ya uniti moja katika T1 kabla ya makato hayo ni Sh292. Gawanya Sh8,196.72 kwa 292, utapata uniti 28 na nukta kidogo. Katika D1 uniti moja ni Sh100, na ukiongeza makato yale yale inafika Sh122. Ndiyo maana Sh5,000 za dada yako zinazaa uniti 41. Viwango hivi vinatoka kwenye agizo la bei la EWURA la Aprili 2016, ambalo liliendelea kutumika miaka mingi baada ya hapo.

Hilo la mwanzo wa mwezi nalo lina maelezo yake. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU, ikianza na Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na baadaye Sh1,500, na hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Ukinunua wa Sh5,000 siku hiyo, zinazobaki kwa umeme ni Sh3,500, na hizo katika T1 ni uniti 9.8. Mkikaa miezi mitatu bila kununua, makato ya miezi yote mitatu yatawasubiri pamoja. Kumbuka pia kwamba kisheria kodi hiyo ni ya mwenye jengo na mpangaji haimhusu. Mpangaji anayeilipa kupitia LUKU ana haki ya kumwomba mwenye nyumba aipunguze kwenye kodi ya pango, na ni vyema jambo hilo liandikwe kwenye mkataba wenu badala ya kuachwa kwenye maelewano ya mdomo.

Kutokana na maelezo hayo utaona kwa nini watu huamini kwamba kununua usiku au kidogo kidogo kunaongeza uniti. Anayenunua kidogo kidogo hukatwa kodi ya jengo mara ya kwanza tu, kisha manunuzi ya pili na ya tatu yanaonekana yamenona. Katika T1 bei ni moja usiku na mchana, na haibadiliki kwa kiasi unachonunua. Mahali ambapo mpangilio wa kununua una maana kweli ni kwenye D1, kwa dada yako. Yeye hupata uniti 75 za kwanza kwa mwezi kwa Sh122, yaani Sh9,150 zote, lakini uniti ya 76 na zinazoendelea humgharimu Sh350 kabla ya makato na Sh427 baada ya makato. Tukiweka kodi ya jengo kando, akinunua umeme wa Sh20,000 kwa mpigo mwezi mmoja atapata uniti 100 na ushee. Akinunua wa Sh9,150 mwezi huu na wa Sh9,150 mwezi ujao atapata uniti 150 kwa fedha pungufu. Mfikishie salamu hiyo, maana mfumo hutazama ulichonunua ndani ya mwezi, hata kama utakitumia miezi miwili.

Sasa tuje kwenye kiini cha tatizo lenu. Kundi la D1 limewekwa kwa ajili ya mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, ambaye kwa wastani hazidishi uniti 75 kwa mwezi. Anayevuka wastani huo huhamishiwa T1, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni Sh356.24 pamoja na makato. Wanaofikiri kwamba bei inapanda ngazi kwa ngazi wanakosea, kwa sababu kati ya makundi haya mawili kuna ukuta. Mteja wa D1 anayetumia uniti 70 hulipa Sh8,540. Aliyehamishiwa T1 kwa kutumia uniti 90 hulipa zaidi ya Sh32,000. Uniti zimeongezeka 20, malipo yamekaribia kuwa mara nne.

Nanyi mmeangukia upande wa pili wa ukuta huo bila kosa lolote. Mita haijui kama nyuma yake kuna familia moja yenye kiyoyozi au familia nne zenye taa na feni. Inahesabu uniti tu. Mnachanga Sh40,000 kwa mwezi. Toa kodi ya jengo Sh1,500, zinabaki Sh38,500, ambazo katika T1 ni uniti 108. Gawanya kwa vyumba vinne, kila familia inatumia uniti 27. Kila mmoja wenu, akiwa peke yake, ni mtumiaji mdogo, pengine kuliko hata dada yako, na kwa bei ya D1 uniti hizo 27 zingemgharimu kama Sh3,300. Mnalipa karibu mara tatu ya hapo kwa sababu mmepanga nyumba yenye mita moja. Hili linaniuma kusema, lakini ndivyo lilivyo. Bei iliyowekwa kumlinda mnyonge inamfikia yule mwenye mita yake, na inampita mpangaji wa chumba kimoja uswahilini, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo zaidi.

Kuhusu ugomvi wa friji, naomba msilaumiane kabla ya kuhesabu. Friji ndogo iliyo nzima hula takriban uniti moja kwa siku, sawa na hita ya kuchovya kwenye ndoo ya wati 2,000 inayowashwa nusu saa. Nyumba nyingi nilizowahi kukagua, friji ilikuwa ikisimangwa hadharani huku hita zikiwashwa vyumbani asubuhi kimya kimya. Mkitaka haki, wekeni mita ndogo kwa kila chumba. Jueni tu kwamba mita hizo hazipunguzi bei hata shilingi moja. Kazi yake ni kuonyesha nani ametumia nini.

Njia inayopunguza bei ni kuongeza mita za shirika la umeme, TANESCO, na hapa nataka tufanye hesabu kwa uangalifu, kwa sababu ushauri wa haraka wa "kila mtu aweke mita yake" unaweza kuwatia hasara. Mwaka 2022 ada ya kuunganisha umeme wa njia moja mjini, kwa nyumba isiyohitaji nguzo, ilirudishwa kuwa Sh320,960. Mpangaji mmoja akijilipia mita yake peke yake ataokoa kama Sh6,300 kwa mwezi, na atahitaji zaidi ya miaka minne kurudisha fedha yake. Mpangaji gani wa Tabata ana uhakika wa kukaa chumba kile kile miaka minne? Lakini mkiongeza mita moja tu, nyumba ikawa na mita mbili, vyumba viwili kila mita, basi kila mita itasoma takriban uniti 54 kwa mwezi, na zote mbili zitakuwa chini ya 75. Uniti zenu 108 zingegharimu kama Sh13,200 badala ya Sh38,500. Mtaokoa zaidi ya Sh25,000 kwa mwezi, na ada ile, ambayo mkiigawana ni Sh80,240 kwa kila mmoja, itakuwa imerudi ndani ya miezi 13. Ongezeni hapo gharama ya fundi wa kutenganisha nyaya, ambayo inategemea nyumba ilivyofungwa, na mpangeni chumba chenye friji pamoja na chumba chenye matumizi madogo zaidi.

Masharti ya njia hiyo nayo nisiyafiche. Maombi ya mita mpya huwasilishwa na mwenye nyumba au kwa ridhaa yake, kwa hiyo mazungumzo huanzia kwake. Mwombeni alipe yeye, kwa kuwa mita inabaki kuwa mali inayopandisha thamani ya nyumba yake, au mlipe ninyi kisha ikatwe kwenye pango kwa maandishi. Kabla ya kulipa chochote, nendeni ofisi ya TANESCO ya wilaya mkaulize mita mpya itaanza kwenye kundi gani, na mita ya zamani itarudishwa D1 baada ya wastani wa miezi mingapi ya matumizi ya chini. Mita ya zamani haitajirudisha yenyewe siku hiyo hiyo, mtalazimika kuomba. Kodi ya jengo pia iangalieni: kodi ni ya jengo moja, kwa hiyo mkiona mita zote mbili zinakatwa kwa nyumba ile ile, mwenye nyumba apeleke taarifa kwa Mamlaka ya Mapato. Na kama mmoja wenu anafanya biashara chumbani, mfano kuuza barafu au kuchomelea, mita yake haitastahili D1, na msimfiche.

Sasa bwawa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mashine tisa, kila moja ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Mashine ya kwanza iliwashwa Februari 2024, na zote tisa zikakamilika mwaka 2025. Ni uwezo unaozidi hata mahitaji ya juu kabisa ya Gridi ya Taifa ya wakati mradi unaanza. Mtu aliyekaa gizani wakati wa mgao wa mwisho wa mwaka 2023 anayo haki ya kuuliza faida yake iko wapi, na sehemu ya jibu ni kwamba faida ya kwanza ya bwawa lile ilikuwa kuondoa mgao. Bei ni jambo jingine, kwa sababu maji hayauzwi lakini bwawa lilijengwa kwa takriban Sh6.5 trilioni. Umeme wa gesi una gharama inayoendelea: kila uniti inayozalishwa Kinyerezi au Ubungo imechoma gesi iliyonunuliwa. Umeme wa maji una gharama iliyotangulia, yaani saruji, chuma, mitambo na mahandaki, ambayo sehemu yake kubwa hulipwa hata kabla uniti ya kwanza haijatoka.

Namna bei inavyopangwa ni hii. TANESCO haijipangii bei. Inapeleka maombi EWURA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi 2006, ambayo huyapima chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. EWURA hujumlisha gharama zinazokubalika za mwaka: kuzalisha, kusafirisha kwenye njia kubwa, kusambaza mitaani, kukarabati, mishahara, riba za mikopo, uchakavu wa mitambo. Jumla hiyo hugawanywa kwa uniti zinazotarajiwa kuuzwa, kisha makundi ya wateja hugawiwa mzigo. Ukiitazama hesabu hiyo vizuri utaona kwamba umeme uliozidi haupunguzi chochote mpaka uuzwe. Mashine iliyosimama kwa kukosa wateja ina mlinzi, ina fundi na inachakaa vilevile. Kinachoshusha gharama ya uniti ni nchi kutumia uniti nyingi zaidi kwa miundombinu ile ile.

Pia tutazame bei ya sasa kwa haki. Uniti ya Sh292 ya mwaka 2016, dola ilipokuwa kama Sh2,180, si sawa na uniti ya Sh292 ya mwaka 2024, dola ilipovuka Sh2,600. Transfoma, nyaya na mita hununuliwa kwa dola, na bei ya gesi nayo inafungamana na dola. Kwa hiyo bei iliyokaa pale pale imekuwa ikishuka kimya kimya kwa mlipaji na kuwa nzito kwa shirika. Mwishoni mwa mwaka 2016 TANESCO iliomba nyongeza ya zaidi ya asilimia 18, EWURA ikaidhinisha asilimia 8.5, na siku hizo hizo Serikali ikaizuia isianze kutumika, na mkurugenzi mtendaji wa shirika akaondolewa Januari mosi 2017. Wengi wetu tulifurahi kama wateja. Lakini gharama isiyolipwa kwenye LUKU haiyeyuki: hulipwa kwa matengenezo yanayoahirishwa, kwa madeni kwa wauzaji wa gesi, kwa ruzuku ya Hazina, na mwisho kwa umeme unaokatika jioni watu wakiwa wameivisha ugali nusu. Kenya imechagua njia nyingine, ambako gharama ya mafuta ya mitambo na mabadiliko ya thamani ya dola huingizwa kwenye bei kila mwezi. Shirika hupumua, lakini mteja hajui mwezi ujao Sh1,000 yake itampa uniti ngapi. Sidhani kwamba njia hiyo ingetufaa sisi ambao tunanunua umeme kwa fedha ya siku.

Je, bwawa lingeweza kushusha bei? Lingeweza, kwa sharti moja la kisera. Ujenzi ulibebwa na fedha za Serikali, yaani fedha za walipa kodi. Serikali ikiamua kwamba mtaji ule hautarudishwa kupitia bei, na uniti za Rufiji zikachukua nafasi ya uniti za gesi, kuna nafuu halisi ya kugawa. Ikiamua kwamba fedha ile irudi ili ijenge njia za kusafirisha umeme na vituo vya kupozea, nafuu hiyo itakwenda huko. Uamuzi wa namna hiyo hauna jibu la kihandisi, na mtu asikuambie kwamba hesabu pekee ndizo zinazoamua. Mimi mwenyewe ningependa sehemu kubwa iende kwenye njia na transfoma kwanza, kwa sababu bei rahisi ya umeme ambao haukufikii haina maana.

Hapo ndipo Ethiopia inapoingia. Bwawa liko Rufiji, kusini mashariki. Arusha na Kilimanjaro ziko kaskazini, mamia ya kilomita kutoka hapo. Umeme unaposafiri kwenye waya, sehemu yake hugeuka joto. Mkondo ukiongezeka mara mbili kwenye waya ule ule, upotevu unakuwa mara nne, kwa hiyo njia ndefu iliyolemewa hupoteza umeme mwingi njiani na kuufikisha ukiwa dhaifu. Sasa kuna njia ya kilovoti 400 inayoiunganisha Kenya na Tanzania kutoka Isinya hadi Singida, na upande wa pili Kenya imeunganishwa na Ethiopia. Hoja ya Serikali mwaka 2025 ilikuwa kwamba kuileta kaskazini sehemu ya umeme kutoka huko kutapunguza upotevu huo na kuipa kanda ile njia ya pili pindi ya kwanza inapopata hitilafu. Ni hoja ya msingi, na nchi zenye umeme mwingi hununua na kuuziana mipakani kila siku. Kama bei iliyokubaliwa inazidi kile tunachokiokoa, huo utakuwa mkataba mbaya, na ndiyo maana mikataba ya namna hii inapaswa kuwekwa wazi mbele ya mdhibiti. Kuwa na megawati nyingi Rufiji peke yake hakuufanyi ununuzi ule kuwa kichekesho.

Narudi kwenye namba 75, kwa sababu hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa zaidi ya bei zetu kuliko hata kiwango chenyewe. Zamani tulipokuwa na upungufu, kumzuia mtu asivuke uniti 75 kulikuwa na mantiki. Leo tunao umeme unaotafuta mtumiaji, na tuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Chukua mama aliye kwenye D1 akaamua kuachana na mkaa. Jiko la koili la wati 1,500, likiwashwa saa mbili kwa siku, linakula uniti 3, sawa na 90 kwa mwezi, kabla hajawasha taa. Ameitikia wito wa Serikali, na ukuta unamwangukia. Jiko la presha la umeme ni afadhali, kwa sababu linapika maharage na wali wa siku nzima kwa uniti moja au pungufu, lakini nalo likijumlishwa na friji na feni linamsogeza ukingoni. Uganda iliweka ngazi ya bei nafuu kwa uniti za 81 hadi 150 kwa mwezi, mahususi kwa ajili ya kupikia. Kenya kwa upande wake ilishusha kiwango cha bei ya wanyonge hadi uniti 30 mwaka 2023, lakini ikaweka ngazi ya katikati kabla ya bei ya juu. Sisi tunahitaji ngazi ya namna hiyo mahali palipo na ukuta, pamoja na utaratibu wa kuhesabu idadi ya kaya zinazotumia mita moja.

Najua nafuu hiyo haitatoka hewani. Uniti ya Sh100 iko chini ya gharama ya kuifikisha nyumbani, na pengo hujazwa na wateja wa T1, wakiwemo ninyi, pamoja na wafanyabiashara wadogo. Ukiwapa wengi zaidi bei ya chini, mtu mwingine atalipa zaidi, au Hazina italipa, au mauzo yataongezeka kiasi cha kufidia. Naamini hilo la mwisho linawezekana sasa kuliko wakati wowote uliopita, lakini ni jambo la kupimwa kwa hesabu mbele ya watu.

Na mahali pa kupimia pako. Kila maombi ya bei yanapofika, EWURA hutangaza mkutano wa taftishi ambamo mwananchi yeyote anaruhusiwa kusema au kuandika maoni, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, huwasemea wateja wadogo. Nimekaa kwenye mikutano hiyo mara nyingi. Viti vya mbele hujaa watu wa viwanda na migodi wenye makabrasha mapajani. Siku moja alisimama mama muuza samaki wa kugandisha na bahasha ya kaki, akatoa risiti zake za miezi sita, akazisoma moja baada ya nyingine, tarehe, fedha, uniti, tarehe, fedha, uniti. Ukumbi mzima ulinyamaza, na maswali yaliyofuata kwa waombaji yalikuwa makali kuliko yote ya asubuhi ile. Hesabu ya nyumba yenu, uniti 27 kwa familia kwa bei ya mtumiaji mkubwa, ingekuwa na uzito huo huo.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Zimeni vifaa vyote, shusheni swichi kuu ya nyumba, kisha mtazame kitaa chekundu cha mita. Kikiendelea kumetameta, kuna umeme unaokwenda mahali, na hapo huenda jirani yako mwenye shaka ana haki. Pelekeni taarifa TANESCO, na msiguse lakiri ya mita wala kumruhusu mtu wa mtaani aifungue, kwa sababu hatari na kesi vyote vitawaangukia ninyi. Kama kitaa kinatulia swichi kuu ikishushwa lakini kinakimbia ikipandishwa huku vifaa vyote vimezimwa, hitilafu iko ndani ya nyaya zenu, na anayehitajika ni fundi mwenye leseni ya EWURA. Na kama mtu anahisi kupigwa shoti akigusa ukuta, bomba au mlango wa friji, msisubiri mwisho wa mwezi: zimeni swichi kuu saa hiyo hiyo na mpige simu.

Kwa suala la kundi la bei, nenda wewe na mwenye nyumba pamoja, mkiwa na namba ya mita, nakala za ujumbe wa manunuzi wa miezi sita iliyopita, na karatasi inayoonyesha vyumba vinne na familia zinazokaa humo. Ombeni jibu la maandishi lenye jina la kundi mlilopo na sababu yake. Msiporidhika, malalamiko hupelekwa EWURA, ambao wana ofisi za kanda, na fomu yao haina malipo. EWURA CCC watawasaidia kuijaza. Uamuzi wa EWURA nao una rufaa, kwenye Baraza la Ushindani. Anzeni kuhifadhi ujumbe wa LUKU kuanzia leo, simu ya mtu mmoja isiufute, kwa sababu ofisi itataka miezi iliyo mfululizo.